Apolo Kivebulaya: Mwinjilisti aliyewaza kuikimbia Mboga, kisha akapata moyo wa kubaki

BARAKA, Fizi – Kila tarehe 30 Mei, Waanglikana wa Kongo, Uganda na hata Uingereza humkumbuka Apolo Kivebulaya, Muganda aliyehubiri Injili upande huu wa mto Semliki tangu mwishoni mwa karne ya 19 na kufia huko mwaka 1933. Hapa wilayani Fizi, ambako makanisa makubwa ni ya Wametodisti Huru, Wapentekoste na Wakatoliki, jina lake halitajwi sana. Lakini maisha yake yanagusa jambo ambalo wakaaji wa Baraka, Nundu, Lulimba na Fizi-centre wanalijua bila kufundishwa: mtumishi wa Mungu anapigwa, anaogopa, anawaza kufunga mizigo yake, kisha anajiuliza kama bado anafaa kusimama mbele ya watu na kuhubiri.

Tangu vita vya 1996 swali hilo limekuwa la kila siku. Maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa Tanganyika kuelekea Kigoma, na wengi wakafikia kambi ya Nyarugusu. Kati ya watu wanaokimbia hawakosi wachungaji na makatekista. Na siku ya kurudi, aliyekimbia hutazamwa kwa jicho moja na aliyebaki kwa jicho lingine.

Hata kabla ya hapo, mwambao huu ulishaona Injili ikija na kuondoka. Mapadri Weupe walifika Masanze mwaka 1880, wakahamia Kibanga, kwenye ghuba iliyo karibu na Baraka, na kabla karne haijaisha walikuwa wameiacha misheni hiyo. Wenzao watatu waliuawa Rumonge, ng'ambo ya ziwa, Mei 1881. Kwa hiyo habari za Mboga, ijapokuwa ni za mbali, hazitakuwa ngeni kwa msomaji wa hapa.

Apolo alizaliwa karibu mwaka 1864 katika ufalme wa Buganda. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda akaitwa Waswa, jina la pacha wa kiume aliyetangulia kutoka. Akiwa kijana aliwekwa kwa mganga ili ajifunze kazi hiyo, lakini alipouona ujanja uliokuwa ndani yake aliiacha. Baadaye alivutwa na Uislamu, uliokuwa umeingia Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Kisha akaanza kusikia mafundisho ya Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Scotland aliyefika huko mwaka 1878 na mtambo wa kuchapia vitabu. Siku zile Wakristo wa Buganda waliitwa wasomaji, na wengi wa kwanza walisoma Injili kwa Kiswahili kabla haijapatikana kwa Kiganda.

Mwaka 1888 kabaka Mwanga alipinduliwa na vita vya dini vikaanza. Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki walipigana miaka kadhaa, mara huyu na yule pamoja, mara kila mmoja peke yake. Kijana Waswa alishika silaha. Kwanza alikuwa upande wa Waislamu, baadaye akahamia kwa Wakristo. Jambo hili halipaswi kurukwa kama wanavyofanya baadhi ya wanaosimulia habari za watakatifu, maana linaonyesha kwamba mtu huyu hakuwa mwoga wa kuzaliwa. Alikuwa amesikia risasi na kuona maiti. Woga wake ulikuja baadaye, mahali ambapo hakuwa na bunduki mkononi wala jeshi nyuma yake.

Alibatizwa Januari 1895, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, akachukua jina la Apolo, yule mhubiri wa Aleksandria anayetajwa katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya alipewa na watu kwa sababu ya koti la kizungu alilopenda kulivaa pamoja na kanzu yake nyeupe. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Ni kichekesho kidogo cha historia, kwa sababu mwenye jina hilo aliishi maisha yake yote kati ya Waafrika, akila chakula chao na kulala katika nyumba zao. Alikuwa amechumbia, lakini mchumba wake alifariki kabla ya arusi, naye hakuoa tena mpaka kifo.

Mwaka huohuo wa 1895 kanisa lilimtuma Toro, chini ya milima ya Ruwenzori, ambako mfalme Kasagama alikuwa akielekea Ukristo na muda mfupi baadaye akabatizwa kwa jina la Daudi. Toka Toro, mtu akizunguka milima na kuteremka mpaka bonde la Semliki, akivuka mto huo na kupanda tena, anafika Mboga. Leo mahali hapo panaitwa Boga, katika wilaya ya Irumu, jimbo la Ituri. Mtawala wake wakati huo alikuwa Tabaro, Muhema.

Wainjilisti wawili Waganda walikuwa wametangulia kufika kwa Tabaro. Kazi iliwashinda. Walipoanza kukemea mambo ambayo mkubwa huyo aliyaona kuwa haki yake, watu walikatazwa kuwapa chakula. Mgeni asiye na shamba, katika nchi asiyo na ndugu, akinyimwa chakula hana la kufanya. Waliondoka.

Mwishoni mwa 1896 Apolo alikubali kwenda mahali pao. Katika mizigo yake alibeba jembe. Wengi wamehubiri juu ya jembe hilo, na wana haki, maana linaeleza mtu mzima: alijua kwa nini wenzake wameshindwa, hakuwacheka, akaenda tayari kulima. Katekista wa mlimani juu ya Baraka anayelima mihogo yake mwenyewe Jumatatu na kufundisha Jumapili ataelewa bila maelezo zaidi. Ukitaka kumwambia chifu jambo asilolipenda, usiwe unangojea sahani yake.

Mwanzoni Tabaro alimpokea. Darasa la kusoma lilianza, vijana wakajifunza herufi, nyumba ya sala ikajengwa kwa miti na majani. Kisha Apolo akagusa palepale walipogusa wenzake: pombe, uganga na wingi wa wake. Tabaro akageuka. Na haki isemwe, mkubwa huyo alikuwa na hofu zake pia. Dini hii mpya ilikuja kutoka Toro, ambako Kasagama alidai kuwa Mboga iko chini yake. Upande wa pili walikuwapo Wabelgiji wa dola la mfalme Leopold. Mtu anayekuja na kitabu kutoka kwa jirani anayekutamani, utamwamini vipi?

Mateso yakaanza. Wanafunzi walitishwa na wengine wakafukuzwa. Nyumba ya Apolo ilichomwa moto, naye mwenyewe akapigwa vibaya. Halafu ukatokea msiba uliokaribia kummaliza. Dada ya Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa umefichika ndani ya majani, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo ndiye aliyetajwa kuwa mwuaji. Alikamatwa, akafungwa kamba, akapelekwa Toro kwa wakubwa wa serikali ya Waingereza na kutiwa gerezani. Mwinjilisti aliyeondoka Toro akisindikizwa kwa sala alirudishwa akiwa mshitakiwa wa mauaji.

Hapa ndipo penye kiini cha maisha yake. Kwa hesabu yoyote ya kibinadamu, kazi ya Mboga ilikuwa imekufa mara ya pili. Wale wawili walishindwa kwa njaa. Huyu wa tatu alikuwa na chakula chake lakini ameshindwa kwa fimbo, moto na minyororo. Na yeye mwenyewe, kama alivyosimulia baadaye bila kuona haya, alifikia kuwa na mashaka kama ilifaa kuendelea kukaa mahali pale. Neno lenyewe ni dogo, mashaka, lakini kila aliyewahi kulala na viatu miguuni akisikiliza milio ya usiku anajua uzito wake. Alikuwa anapima kuondoka.

Katika mwaka huo wa 1898, wakati wa mashaka hayo, alisema aliona ndoto. Yesu Kristo alimtokea aking'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Apolo aliuliza ni nani anayesema. Akajibiwa kwamba ni Yesu, na kwamba awahubirie watu wake bila kuogopa. Hakupewa jeshi, wala hakuahidiwa kwamba Tabaro atakufa au kuhamishwa. Aliambiwa tu kuwa hayuko peke yake.

Wasomaji watapima ndoto hiyo kila mmoja kwa imani yake, na katika nchi yetu ambako ndoto na unabii huuzwa sokoni kama ndagala, tahadhari ni jambo jema. Lakini kuna alama moja ya kuangalia. Ndoto nyingi zinazotangazwa siku hizi humwinua mwenye kuota. Hii ya Apolo ilianza kwa kumvua nguo: ili aisimulie, ilibidi kwanza akiri kwamba alikuwa ameogopa na alitaka kuondoka. Aliisimulia hivyo mpaka uzee wake. Na alipoeleza kwa nini mahubiri yake yalianza kusikilizwa, hakutaja elimu wala ushujaa wake wa vitani. Alihesabu tangu mwaka ule. Kabla yake, alisema, aliona kazi ngumu. Baada yake, watu waliacha desturi zao upesi na kutubu.

Hiyo ndiyo maana ya neema kwa mtu huyu. Petro alimkana Bwana wake mara tatu mbele ya moto wa makaa, kisha siku ya Pentekoste akasimama Yerusalemu mbele ya umati. Kati ya siku hizo mbili Petro hakuenda shule ya ujasiri. Alisamehewa na kutumwa tena. Apolo naye alitumwa tena, na mahali palepale palipomshinda. Hatia ya mauaji haikumpata, akaachiliwa, akarudi Mboga.

Kurudi huko ndiko kulikomshangaza Tabaro kuliko hotuba yoyote. Mtu uliyemchomea nyumba, uliyemfunga na kumpeleka gerezani, anarudi bila askari, bila kudai fidia, anashika jembe lake na kufungua tena darasa. Tabaro alianza kumsikiliza, na mwisho yeye mwenyewe akaomba kufundishwa, akabatizwa. Waliofukuzwa wakarudi. Kanisa la Mboga, ambalo lingehesabiwa kati ya misheni zilizoshindikana, likawa na miguu.

Miaka iliyofuata inaweza kupitwa haraka. Apolo aliitwa kurudi Toro, akafanywa shemasi Desemba 1900 na kasisi mwaka 1903. Alitembea sana, akijenga makanisa na kufundisha walimu. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakichora mistari. Kwa mapatano ya 1910 Mboga ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji, na mto Semliki ukawa mpaka. Waumini waliokuwa wamezoea kuvuka kwenda kwa ndugu zao wakajikuta katika nchi nyingine, kama watu wa hapa kwetu ambao ziwa limewatenga na jamaa zao wa Kigoma na Rumonge. Kundi la Mboga likabaki bila mchungaji wa karibu.

Katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Apolo aliomba kurudi. Alikuwa amevuka miaka 50. Angeweza kubaki Toro, ambako aliheshimiwa. Badala yake alivuka tena Semliki na kukaa Mboga mpaka kufa. Alilea watoto wasio na wazazi nyumbani kwake. Mmoja wa vijana aliowakuza, Nasani Kabarole, alikuja kuwa kasisi na kuendeleza kazi yake. Kanisa la Uganda lilimpa cheo cha kanoni katika kanisa kuu la Namirembe, Kampala, lakini makao yake yalibaki nyumba ya miti na majani.

Kisha kuna msitu. Nyuma ya Mboga, kuelekea magharibi, unaanza msitu mkubwa wa Ituri, makao ya Wambuti. Albert Lloyd, mmisionari Mwingereza aliyemfahamu Apolo na baadaye akaandika vitabu vitatu juu ya maisha yake, aliupita msitu huo mwaka 1898 na kuwaona. Majirani zao wakulima waliwatumia kwa kuwinda na kubeba, na wengi hawakuwahesabu kuwa watu sawa nao. Tangu mwaka 1921 hivi, Apolo, mzee wa karibu miaka 60, alianza kuingia msituni kuwatafuta. Aliamini kuwa yule aliyemtokea zamani ndiye aliyemtuma tena. Alijifunza maneno yao, alikaa nao kambini, alikula nao. Kwa majirani waliotazama, jambo la kula nao lilikuwa la kushangaza kuliko mahubiri.

Alisimamia pia kazi ya kuitafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Marko huyo, kama mapokeo ya kanisa yanavyosema, ndiye Yohana Marko aliyewaacha Paulo na Barnaba njiani huko Pamfilia akarudi Yerusalemu, mpaka Paulo akakataa kusafiri naye tena. Baadaye Paulo mwenyewe aliomba aletwe, akisema anamfaa. Injili ya kwanza ya Wambuti ilikuwa ya mtu aliyewahi kugeuka nyuma, nayo ililetwa na mtu aliyewahi kutamani kufanya hivyo. Wambuti wa kwanza walibatizwa katika miaka ya mwisho ya Apolo.

Si kila kitu katika kazi hiyo kinapaswa kusifiwa bila kufikiri. Wainjilisti Waganda walikuja pamoja na desturi zao za kibuganda, na kwa muda mrefu kanisa la Boga liliendelea kusali kwa lugha za kutoka ng'ambo ya Semliki. Kiswahili kilipata nafasi pana pale kanisa lilipoanza kuenea mbali na Boga, hasa kuanzia miaka ya 1970. Jimbo la kanisa la Boga-Zaire liliundwa mwaka 1972, na mwaka 1976 likazaliwa jimbo la Bukavu, linaloangalia Kivu. Mwaka 1992 Waanglikana wa nchi yetu wakawa na askofu mkuu wao wenyewe, Byankya Njojo. Kwa njia hiyo ndogo na ndefu, jembe lililovuka Semliki mwaka 1896 limefika mpaka Kivu Kusini.

Boga yenyewe haijapumzika. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, saa chache baada ya siku ya kumbukumbu ya Apolo, watu wenye silaha walivamia Boga na kijiji jirani cha Tchabi na kuua watu zaidi ya 50. Wakaaji wengi walikimbia. Maswali ambayo Apolo alijiuliza mwaka 1898, abaki au aondoke, yanaulizwa tena kwenye kilima kilekile, na watu wa Fizi wanajua kuwa si kila anayeondoka amekosa imani. Apolo mwenyewe hakuwahi kuwasema vibaya wale wawili waliomtangulia.

Mwanzoni mwa 1933 moyo wake ulidhoofika. Alitibiwa Uganda, na ilipoonekana kuwa hatapona aliomba arudishwe Mboga, ili afie kwa watu wake. Alifika. Kwa desturi ya Waganda, maiti hulazwa kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu huko kazi ilikuwa haijaisha. Alifariki tarehe 30 Mei 1933, nao wakamzika Mboga kama alivyoomba, na vijana aliowalea wakaendelea kuingia msituni.